Benjamin Thompson: Karani wa duka aliyeifundisha Ulaya kupika kwa moto mdogo

WATU wengi wanaopikia jiko la udongo lenye kuta nene, au wanaoingiza sufuria ya moto ndani ya kikapu chenye mablanketi ili maharage yamalizie kuiva bila mkaa, hawajapata kulisikia jina la Benjamin Thompson. Hata Ulaya na Marekani, alikovuma sana enzi zake, siku hizi anakumbukwa zaidi na wanafunzi wa fizikia kuliko wapishi.

Lakini Thompson, aliyefariki dunia mwaka 1814 akiitwa Count Rumford, ndiye mtu aliyekaa jikoni na kuhesabu kuni zinazopotea kama mwenye duka anavyohesabu sukari inayomwagika stoo. Hesabu hizo zilimwezesha kulisha umati wa maskini kwa supu nzito ya njegere, shayiri na viazi, iliyopikwa polepole kwa moto mdogo, tena kwa gharama ambayo mji uliweza kuimudu.

Alizaliwa Machi 26, 1753 katika mji wa Woburn, Massachusetts, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Alitoka katika familia ya wakulima. Baba yake alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili, na mama yake akaolewa tena.

Shamba halikumvutia kijana huyo. Akiwa na umri wa miaka 13 alipelekwa kujifunza biashara kwa mfanyabiashara mmoja wa Salem, ambako alifundishwa kukaa kaunta na kutunza daftari la mauzo. Akili yake ilikuwa kwenye majaribio zaidi kuliko kwa wateja, na aliwahi kuungua vibaya alipokuwa akitengeneza fataki. Baadaye alifanya kazi katika duka la vitambaa Boston, kisha akawa mwalimu wa shule.

Mwaka 1772, akiwa na miaka 19, alimwoa Sarah Rolfe, mjane tajiri wa Concord, New Hampshire, mji ambao zamani uliitwa Rumford. Mke alimzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Ndoa hiyo ilimtoa Thompson kwenye ubao wa shule na kumfikisha kwenye meza ya gavana, ambaye alimpa cheo cha meja katika mgambo.

Makoloni yalipoanza kuasi utawala wa Uingereza, Thompson alibaki upande wa Mfalme na akapeleka taarifa za siri kwa jeshi la Waingereza. Majirani walimshuku mapema. Mwishoni mwa mwaka 1774 kundi la watu wenye hasira lilimwendea nyumbani, lakini alikuwa amekwishatoroka, akiacha mke na mtoto mchanga wa kike. Mke huyo alifariki mwaka 1792.

Jambo hilo halifai kufichwa katika maisha yake. Mtu aliyekuja kusifiwa kwa kulisha watoto wa ombaomba aliwaacha wa kwake walelewe na wengine, na hapajaonekana dalili kwamba lilimnyima usingizi.

Machi 1776 Waingereza walipouhama mji wa Boston, naye aliondoka kwenda London. Huko alipanda haraka serikalini, akafanya majaribio ya baruti, na mwaka 1779 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza. Baada ya vita Mfalme George wa Tatu alimpa hadhi ya Sir mwaka 1784, na akamruhusu kwenda kumtumikia Karl Theodor, mtawala wa Bavaria, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani.

Bustani za askari

Karl Theodor alimkabidhi jeshi lililokuwa hoi. Askari walilipwa kidogo, walivaa vibaya na wakati wa amani hawakuwa na kazi ya maana. Thompson aliona kwamba jeshi la namna hiyo ni mzigo kwa mkulima anayelipa kodi.

Alianzisha bustani za jeshi, kila askari akapewa kipande chake cha kulima, pamoja na mbegu na vifaa. Mazao yalikuwa mali ya aliyelima. Zao alilolitilia mkazo ni viazi mviringo, ambavyo wakati huo watu wengi wa Bavaria walividharau. Askari waliokwenda likizo waliondoka na mbegu kwenda nazo vijijini kwao, na kwa njia hiyo viazi vikaanza kuenea bila bwana shamba kupita nyumba kwa nyumba.

Bustani ya Munich iliyoanza kwa mpango huo mwaka 1789 ndiyo iliyokua na kuwa Englischer Garten, moja ya bustani kubwa za mijini barani Ulaya hadi leo.

Tatizo la pili lilikuwa ombaomba. Munich wakati huo ilikuwa na watu wapatao 60,000, na ombaomba walijaa barabarani, makanisani na hata ndani ya nyumba za watu. Januari mosi, 1790, siku ambayo kwa desturi ombaomba walitoka kwa wingi kuomba zawadi za mwaka mpya, Thompson aliwaweka askari mitaani. Yeye mwenyewe alimkamata wa kwanza. Kwa hesabu zake, walioandikishwa katika wiki moja walifikia 2,600.

Hawakupelekwa gerezani. Aliwaandalia jengo lenye vyumba vya kusokota sufu, kitani na katani, kushona na kufuma, na kazi yao ilikuwa kutengeneza sare za jeshi lile lile alilolisimamia. Walilipwa kwa kazi waliyofanya, watoto walifundishwa, na kila siku adhuhuri watu wote walipewa chakula cha moto. Soko lilikuwa mkononi mwake, jambo ambalo mfanyabiashara yeyote atakubali kuwa ni nusu ya mafanikio.

Kuni zilikokuwa zikipotea

Kulisha watu zaidi ya elfu moja kila siku ndiko kulikomwingiza Thompson jikoni. Majiko ya wakati ule yalikuwa moto wa wazi chini ya bomba pana la moshi. Sufuria ilining'inia juu ya miali, na sehemu kubwa ya joto ilipanda angani pamoja na moshi, au ilimchoma mpishi usoni.

Alianza kwa kuuficha moto. Alijenga jiko la matofali lenye shimo linalolingana na sufuria, sufuria ikazama ndani hadi karibu na ukingo. Chini yake aliweka moto mdogo juu ya wavu wa chuma, majivu yakidondoka chini. Hewa iliingia kupitia kitundu kinachoweza kufunguliwa au kubanwa, na moshi ulilazimishwa kuizunguka sufuria kabla ya kuruhusiwa kutoka. Kwenye njia ya moshi kulikuwa na kibati cha kufunga na kufungua. Kila sufuria ilikuwa na moto wake, na mifuniko ilikuwa ya tabaka mbili yenye hewa katikati, kwa kuwa alikwishagundua katika majaribio yake ya nguo na manyoya kwamba hewa iliyonaswa huzuia joto lisitoroke.

Jambo lililomkera zaidi ni mpishi anayeongeza kuni wakati sufuria inachemka tayari. Maji yakishafika kiwango cha kuchemka, ambacho maeneo ya pwani ni nyuzi 100, hayaongezeki joto hata moto uwe mkubwa kiasi gani. Kuni za ziada hugeuza maji kuwa mvuke tu, na chakula hakiivi mapema zaidi. Alisisitiza kwamba sufuria inayotokota taratibu chini ya mfuniko huivisha nyama sawasawa na ile inayorukaruka, ila ya pili inakula kuni mara nyingi zaidi.

Alipozuru Italia mwaka 1793 na 1794 alijenga upya majiko ya hospitali mbili za Verona, La Pietà na La Misericordia. Kwa maelezo yake, kuni zilizookolewa huko zilifikia sehemu saba kati ya nane. Hata kama mtu atapunguza hesabu hiyo kwa kuwa mwenye jiko ndiye aliyeipima, inabaki kuwa akiba kubwa.

Nyama iliyosahauliwa usiku

Kisa maarufu zaidi cha jikoni kwake kilitokana na mashine ya kukausha viazi. Thompson alitaka kujua kama joto hafifu la mashine hiyo linaweza kuoka nyama, akaweka ndani bega la kondoo. Baada ya saa tatu hapakuwa na dalili yoyote ya kuiva. Aliona jaribio limeshindikana, akawaachia nyama hiyo watumishi wa jikoni.

Watumishi nao, kwa kuwa usiku ulikuwa umeingia, waliona nyama itahifadhika vizuri humo humo ndani ya mashine, wakaenda kulala. Asubuhi walikuta bega limeiva kabisa, laini, lenye juisi yake na harufu nzuri. Walidhani moto uliongezeka wenyewe usiku. Thompson alipochunguza aliona haukuongezeka. Joto lile lile dogo lilikuwa limepewa muda.

Sababu yake sasa inajulikana vizuri. Tando na kano zinazofanya nyama ya bega, shingo au mguu kuwa ngumu hulainika na kugeuka kuwa utelezi mzito pale zinapokaa katika joto la nyuzi 70 hadi 80 kwa saa nyingi. Moto mkali hukaza minofu na kukamua maji kabla tando hizo hazijapata nafasi ya kulainika. Ndiyo maana vipande vya bei ya chini buchani hufaa sana kwa mapishi ya aina hii.

Supu ya Rumford

Kwa watu 1,200, Thompson aliandika kipimo ambacho kwa vipimo vya leo ni takriban kilo 32 za shayiri iliyokobolewa, kilo 30 za njegere kavu, kilo 104 za viazi, kilo 32 za vipande vya mkate uliokauka, kilo 9 za chumvi, lita 21 za siki na lita 446 za maji. Kila mtu alipata zaidi kidogo ya nusu kilo ya supu, na kando yake mkate mweusi wa gramu 200 hivi, ambao wengi waliubeba nyumbani kwa ajili ya jioni.

Shayiri na maji vilianza pamoja hadi vichemke. Njegere zikafuata, vikaachwa juu ya moto mdogo kwa muda wa saa mbili. Kisha viliingia viazi vilivyomenywa, vikapikwa saa moja zaidi huku vikikorogwa hadi vipondeke na kupotelea kwenye supu. Siki na chumvi vilitiwa mwishoni. Mkate uliwekwa wakati wa kupakua, ili ubaki mgumu na mlaji alazimike kutafuna. Thompson aliamini kutafuna huongeza muda wa kufurahia chakula, na kwa mtu mwenye bakuli moja tu kwa siku hilo si jambo dogo.

Viazi viliingizwa kwa siri. Kwa kuwa maskini wa Munich wangevikataa, mwanzoni vilipikwa katika chumba kilichofichwa hadi visitambulike. Walipokwisha kuzoea na kuisifia supu ndipo walipoambiwa wanakula nini. Werevu huo unachekesha, ingawa mlaji ana haki ya kujua kilichomo katika bakuli lake.

Ili kuongeza ladha kwa gharama ndogo, alishauri kuweka nyama ya nguruwe ya chumvi kidogo sana, ikatwe vipande vidogo mno, ili kila kijiko kipate harufu yake. Kanuni hiyo ndiyo iliyobaki katika mapishi ya Kijerumani ya njegere, ambayo mpaka sasa huandaliwa na soseji iliyokaushwa kwa moshi. Moshi na chumvi vya soseji moja vinatosha kuipa ladha sufuria nzima, wakati shibe inatokana na nafaka na mikunde.

Anayetaka kupika mchuzi wa namna hiyo atafanya vizuri kutia soseji karibu na mwisho, zikiwa zimekatwa vipande, na kuonja kabla ya kuongeza chumvi. Kwa wanaotumia maharage mekundu badala ya njegere, tahadhari moja ni ya lazima: yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu kwa dakika zisizopungua kumi kabla ya kupunguza moto au kuingizwa kikapuni. Maharage hayo yana sumu ya asili ambayo joto hafifu haliiondoi, na yakipikwa kwa joto hilo pekee huleta kutapika na kuharisha.

Supu ya Rumford ilisambaa Ulaya yote. Wakati wa uhaba wa nafaka wa miaka ya 1799 hadi 1801 ilipikwa London kwa maskini, na vituo vya kugawa supu hiyo vilifunguliwa pia Paris, Geneva na miji mingine.

Malalamiko hayakukosekana. Wengi waliiona ni maji matupu, na hawakukosea sana. Ukipiga hesabu ya vipimo vyake, bakuli moja bila ule mkate wa pembeni haliwezi kuzidi kalori 350, wakati mtu mzima anayefanya kazi huhitaji 2,000 na zaidi kwa siku. Thompson aliamini maji yenyewe hugeuka kuwa lishe yakipikwa muda mrefu pamoja na shayiri. Hapo alikosea. Uzito wa supu ulimdanganya yeye kama ulivyolidanganya tumbo, na wasimamizi wa misaada waliopenda kubana matumizi walifurahi kumwamini.

Wazo la joto dogo kwa muda mrefu, kwa upande mwingine, limesimama. Mwaka 1940 Irving Naxon wa Chicago alipata hataza ya chungu cha umeme kinachopika polepole, na mwaka 1971 kampuni ya Rival ikaanza kukiuza kwa jina la Crock-Pot. Naxon alikipata kisa chake kwingine, katika mchuzi wa maharage ambao Wayahudi wa Vilna walikuwa wakiuacha usiku kucha kwenye tanuri la mwokaji mikate. Lakini kinachofanyika ndani ya chungu hicho ni kile kile kilichotokea ndani ya mashine ya kukausha viazi ya Munich.

Hakutaka hataza

Mwanzoni mwa miaka ya 1790 Karl Theodor alimpa cheo cha Count, naye akachagua kuitwa Rumford, jina la zamani la mji aliokuwa ameutoroka. Mwaka 1795 alirudi London, na mwaka uliofuata akaanza kutoa makala zake kuhusu maskini, chakula, majiko na mekoni ya kuotea moto. Nyumba nyingi za London zilikuwa zimejaa moshi. Yeye alibana koo la bomba na kuzipa kuta za meko mshazari, moshi ukapanda na joto likarudi chumbani. Matajiri walipanga foleni kutengenezewa.

Hakukata hataza kwa uvumbuzi wake wowote wa majiko. Alisema wazi kwamba kila fundi anaweza kuiga. Uungwana huo ulisaidia majiko yake kuenea, ila kwa fundi wa kawaida si mfano rahisi kuufuata: Rumford alikuwa na malipo kutoka Bavaria na nusu mshahara wa kanali wa Uingereza, hivyo hakuhitaji kuuza jiko ili ale. Tena wapo waigaji waliotengeneza vibaya, na lawama zikamrudia yeye.

Mwaka 1798 alitangaza jaribio lililomweka katika vitabu vya fizikia. Akiwa katika kiwanda cha silaha cha Munich aliona mizinga inapotobolewa hupata moto mkali. Alizungushia maji, farasi wakazungusha mtambo wenye kekee butu, na baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka bila kuni hata moja. Alihitimisha kwamba joto ni aina ya mwendo, kinyume na wasomi walioliona kuwa kitu kimiminika kilichojificha ndani ya vitu. Mwaka 1799 aliongoza kuanzishwa kwa Royal Institution ya London, ambayo ipo hadi sasa.

Huko nako aligombana na wenzake, akahamia Ufaransa. Mwaka 1805 alimwoa Marie-Anne, mjane wa mwanakemia Lavoisier. Mke alipenda wageni, mume alipenda utulivu. Siku moja mume alifunga geti wageni wasiingie, na mke akalipiza kwa kumwagia maua yake maji ya moto. Waliachana mwaka 1809.

Miaka yake ya mwisho aliishi Auteuil, nje kidogo ya Paris, akifanyia majaribio taa, magurudumu ya magari ya farasi na birika la kuchujia kahawa, kinywaji alichotaka kichukue nafasi ya pombe. Alifariki Agosti 21, 1814 akiwa na umri wa miaka 61, akiwa ameacha fedha kwa Chuo cha Harvard ili wanafunzi wafundishwe namna sayansi inavyoweza kuboresha kazi za mikono na maisha ya watu.

Binti aliyeachwa mchanga Concord alikuwa amemfuata baba yake Ulaya mwaka 1796, akarithi cheo cha Countess, na uzeeni akarudi kwao. Alifariki Concord mwaka 1852, na katika wosia wake aliacha mali ya kuanzishia makazi ya wasichana maskini waliofiwa na mama zao.